Mwendo wa Kuongea

Nekesa wangu,

Umeenda mjini na binamu zako kusukwa nywele, na kwa vile nawajua wasusi wa Thika, sikutegemei kabla ya giza. Masanduku yako yamepangwa hapa mlangoni. Kesho kwenye harusi yako, watu wakishakula na kuimba na kuchoka, wewe na Mutua mtaelekea Nakuru, na nyumba hii ya Makongeni itabaki na mimi na baba yako. Sitakuandikia habari za kupika wala za kukaa na wakwe. Mengi unayajua, na yale usiyoyajua utayajulia huko huko.

Nataka kukujibu swali lako. Unakumbuka tulikuwa jikoni, wewe umeinamia sinia unachagua mchele, ukaniambia kwamba kwa muda mrefu sasa siku zako hazionekani. Ukasema daktari alikuambia ni zile mbio. Tangu ulipoanza kushindana mbio kwa niaba ya chuo hujawahi kupumzika vizuri, na chakula unakula kama mtu anayeonja. Halafu bila kuinua macho ukauliza, "Mum, na kama huu mwili nimeshauharibu? Mutua atakuwa ameoa nini?"

Mimi nikakuambia unipitishie vitunguu. Sikuwa nimekupuuza. Jibu langu lilikuwa refu, na sikujua nilianzie wapi mchele ukiwa bado haujachaguliwa. Sasa nimepata muda, wacha nilianzie Mwiki.

Baba yako alinioa nikiwa mshonaji katika kiwanda cha nguo pale Ruiru. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tulikodi chumba kimoja Mwiki, kwenye ploti yenye bomba moja la maji, na majirani waliojua kila mtu anapika nini. Kazini niliketi kutoka asubuhi hadi jioni, mguu mmoja tu ndio uliokuwa ukifanya kazi, ule wa kukanyaga mashine. Nikirudi nyumbani naketi kwenye stuli napika. Jumapili naketi kanisani. Nilinenepa bila kujua nanenepa, na baba yako naye akaota kitumbo cha soda na mandazi ya saa nne. Hatukuwa wagonjwa. Tulijiona tu watu wa mjini.

Siku zangu zilikuja zilipotaka. Zinakuja mwezi mmoja, zinapotea miezi. Kila zilipokawia nilidhani ni mimba, nikaanza kumtazama baba yako kwa jicho la mtu mwenye habari njema mfukoni. Halafu zinakuja, na mimi nafua shuka kimya. Hivyo ndivyo mwaka ulivyopita, na mwingine. Pale kwenye ploti kulikuwa na mama mmoja aliyependa kuniita "Mama..." kisha anasimama hapo, anangoja nimalizie. Hakuwa mtu mbaya. Lakini nilianza kuchota maji mapema sana ili tusikutane bombani.

Mwishowe nilienda kliniki. Nilimkuta daktari mwanamke, mrefu, asiye na maneno mengi. Tulimwita Daktari Kamene. Alinisikiliza, halafu akasema hatanipima mimi peke yangu. Mtoto ana wazazi wawili, akasema, kwa hivyo nirudi na mwenzangu. Nilifikiri baba yako atakataa, maana wanaume wengi wa wakati ule walikataa. Alivaa koti lake la kanisani akaja, akaketi na mikono juu ya magoti kama mtu anayengoja kuitwa mbele ya mkutano.

Tulipimwa. Majibu yalipokuja, daktari alituambia kwamba mayai yangu hayatoki kila mwezi jinsi yanavyopaswa, na kwamba kwa upande wa baba yako mambo si mabaya, ila yangeweza kuwa mazuri zaidi. Dawa zipo, akasema, na tukihitaji tutazitumia. Lakini kwanza angependa tupunguze soda na vyakula vya kukaangwa, na tuwe tunatembea pamoja karibu kila siku.

"Kutembea?" baba yako akauliza. "Tumetoka Mwiki kuja kuambiwa tutembee?"

Daktari hakucheka wala hakukasirika. Alitueleza kwamba mwili unaoketi kutwa unashindwa kuitumia sukari yake vizuri, na hilo linavuruga homoni, na homoni zikivurugika mayai yanachelewa au hayaji. Mwili ukisogezwa kidogo kidogo kila siku huanza kujipanga upya. Haihitaji kukonda hadi nguo zianguke. Na mwanaume pia humsaidia, akasema, hasa yule mwenye tumbo la kuketi na usingizi wa mang'amung'amu. Hakutuahidi mtoto. Hilo nililiona hata wakati ule, kwamba huyu mtu hatuahidi kitu.

Baba yako akauliza tutembee kwa kasi gani. Daktari akasema, "Mwendo wa kuongea. Mkiweza kuimba, mmezembea. Mkishindwa kumaliza sentensi, mmezidisha."

Tukaanza jioni ileile. Ungemwona baba yako! Alitembea kama mtu anayekimbilia gari la mwisho la kwenda kwao Webuye, mimi nyuma nahema, na watu wa Mwiki wanatutazama. Jirani mmoja alituuliza kama tumefukuzwa na mwenye nyumba, kwa sababu pale kwetu mtu na mkewe hawakuwa wakitoka jioni bila mfuko wala Biblia wakaenda tu, wakarudi. Tulipofika kwenye ile njia ya vumbi jekundu ya mashamba ya kahawa, nilisimama nikamwambia, "Wekesa, daktari alisema tuongee." Akapunguza mwendo.

Sasa shida ikawa tuongee nini. Tulikuwa tumeoana miaka na tulijuana, lakini tulikuwa tumezoea kuongea juu ya vitu: mkaa umekwisha, fundi mwenzangu amehama, kesho kuna mkutano wa kanisa. Vitu hivyo vilikwisha siku za mwanzo. Siku zilizofuata tulitembea kimya. Halafu jioni moja, tukiwa tunarudi, akaniambia jambo.

Akasema mamake alikuwa ametuma ujumbe kupitia binamu yake, muda mrefu uliopita, kwamba atafute mke wa pili, na kwamba huko nyumbani msichana yupo.

Miguu yangu iliendelea yenyewe. Nikamuuliza alijibu nini.

"Nilimwambia hapana," akasema. "Sikukuambia kwa sababu sikutaka ujue kwamba jambo hilo liliwahi kuulizwa."

Tukaendelea hadi mlangoni. Nekesa, katika ndoa yangu yote hakuna maneno niliyoyahifadhi kama yale. Na ninajua kwamba ndani ya kile chumba hangeyasema. Ndani ya chumba tungekuwa tunatazamana. Njiani kila mtu anatazama mbele, na maneno yanatoka kwa urahisi. Daktari alikuwa akifikiria sukari na homoni. Sisi tulipata na hayo mengine.

Baada ya miezi kadhaa siku zangu zilianza kuja kwa utaratibu. Koti la baba yako likamlegea. Halafu nikashika mimba.

Haya ninayoandika sasa sijawahi kukuambia. Kabla yako kulikuwa na mwingine. Hakufika mbali, hakufikisha hata miezi mitatu. Jana yake tulikuwa tumetembea kama kawaida hadi kwenye kahawa na kurudi, na nilikuwa nimefurahi, nilikuwa nimemweleza baba yako tutakavyopanga kitanda. Usiku niliamka na maumivu, na kufikia asubuhi ilikuwa imekwisha.

Sikungoja mtu aniambie sababu. Nilijiambia mwenyewe. Nilitembea, nikamwangusha mtoto wangu njiani. Daktari Kamene alinieleza kwa upole, na akarudia, kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema hivyo hutoka kwa sababu mtoto hakuumbika sawa tangu siku ya kwanza. Kutembea hakufanyi hivyo, ndoo ya maji haifanyi hivyo, hata ugomvi na mume haufanyi hivyo. Nilimwitikia kwa kichwa. Moyoni sikukubali. Nikisema ukweli, afadhali kwangu ilikuwa iwe kosa langu, kwa sababu kama ni kosa langu, basi mara nyingine ningeweza kulizuia.

Viatu nikaviweka chini ya kitanda. Baba yako hakunilazimisha. Jioni alikuwa akiketi nje mlangoni, na mimi ndani.

Mimba yako ilikuja mwaka uliofuata. Nilipoijua sikufurahi, niliganda. Niliacha kazi, nikapanda kitandani. Shosho yako akaja kutoka Gatundu na njahi, zile maharagwe nyeusi za mama wajawazito, na unga wa uji, akatwaa jiko na akatwaa kila kitu. Mama yangu hakuwa mtu wa kubishana naye. Aliamuru nisiguse ufagio, nisiiname, nisitoke. Hata choo, kama angeweza, angeniletea. Na mimi nilifurahia amri zake kwa sababu zilifanana na woga wangu.

Nililala wiki juu ya wiki. Kwanza mgongo ukaanza kuuma. Miguu ikavimba. Nikafunga choo. Usingizi ukapotea, maana mtu asiyefanya chochote mchana atalala usiku kwa sababu gani? Nikawa nalia ovyo. Nilikuwa nikihesabu kila msukumo wa mtoto, na katikati ya mmoja na mwingine nilikuwa nakufa kidogo. Baba yako akirudi kutoka kazini ananikuta nimetazama ukuta, anasema pole.

Siku ya kliniki ilipofika, Daktari Kamene alinitazama nilivyoingia nimemwegemea shosho yako. Alinipima kila kitu. Hakukuwa na damu, presha ilikuwa nzuri, mtoto alikuwa mahali pake na amekua. Sukari ndiyo ilikuwa imepanda kuliko alivyotaka. Akauliza ni nani aliyeniambia nilale.

Nikamwambia hakuna, nimeamua mwenyewe.

"Kuna wanawake ambao ninawakataza kutembea," akasema. "Nikikuona una sababu ya kulala, nitakuwa wa kwanza kukulaza. Wewe huna. Unaogopa, na kuogopa kuna haki yake, lakini kitanda hakitibu woga. Simama, Wangari."

Kisha akanifundisha kama mtu anayemfundisha mtoto. Nitembee kidogo baada ya kula, hiyo itaishusha sukari. Nijinyooshe mgongo nikiwa nimepiga magoti na mikono sakafuni, kama paka. Niibane na kuiachia misuli ya chini, ile mtu anayoitumia kuzuia mkojo, kwa maana ndiyo itakayobeba uzito na ndiyo itakayonisaidia baadaye. Nikilala, nilale kwa ubavu. Nisipande mahali pa kuanguka, nisibebe vya kunikamua. Na nikiona damu, au maji yakitoka, au kizunguzungu, kifua kikibana, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au mtoto akipunguza kucheza, niache kila kitu nije, hata kama ni saa ngapi. Alinifanya nimrudishie maneno hayo moja baada ya jingine. Hadi leo nayakumbuka, na ndiyo maana nimekuandikia.

Siku ya kwanza nilitembea kutoka mlangoni hadi kwenye geti la ploti. Baba yako alinishika kiwiko. Nilipofika getini nilikuwa nimeloa jasho, si la uchovu. Nikasimama nikasubiri mabaya yatokee. Hayakutokea. Tukarudi. Usiku ule nililala.

Shosho yako hakunisemesha kwa siku kadhaa. Aliniwekea chakula akaondoka. Kwake yeye nilikuwa nimemchukua mjukuu wake nikamweka barabarani.

Katikati ya hayo, nani akafika? Kukhu yako, mamake baba yako, kutoka Webuye, na kuku ndani ya kikapu. Ni yuleyule aliyetuma ujumbe wa mke wa pili. Mimi nilijua, yeye hakujua kwamba najua, na chumba ni kimoja. Baba yako alienda kulala kwa rafiki yake, akaniacha na wazee wawili wasio na lugha ya pamoja ila Kiswahili cha kuombea maji.

Kukhu alinitazama nilivyoketi akauliza kwa nini naketi. Akasema yeye alizaa wanane na jembe mkononi, na yule wa tano alianza kumuuma akiwa shambani. Akanitafutia kazi. Alitaka nifue, nipige deki, nimenye viazi nikiwa nimechuchumaa. Shosho naye akaninyang'anya kisu. Ikawa hivyo, huyu ananiinua, huyu ananiketisha, na wewe ndani unapiga mateke kana kwamba una maoni yako.

Jioni moja nilikuwa nimevaa raba zangu nikimngoja baba yako tutembee. Shosho akasimama mlangoni. Akasema mimi sitoki. Kukhu akasema mwache atoke, mimba si kidonda, yeye alilima akiwa na mimba zote nane.

Shosho akageuka. Hakupaza sauti. Akamuuliza, "Na ulizika wangapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Huwezi kumuuliza mzee mwenzako hivyo, na mgeni, na mama mkwe wa mtoto wako. Kukhu alilainisha leso yake magotini.

"Wawili," akasema. "Mmoja hakulia kabisa."

Shosho akaketi kando yake kitandani. "Mimi watatu," akasema. "Huyu Wangari ndiye aliyefuata baada ya wa tatu."

Mimi sikuwa nimewahi kusikia hilo. Nilikuwa mtu mzima mwenye mimba, na ndipo nikajua kwa nini mama yangu ananiogopea hivi. Yule aliyelima na yule aliyetaka nilale, wote walikuwa wamezika. Wakakaa pale bega kwa bega, wazee wawili ambao asubuhi walikuwa wamegombania sufuria.

Baba yako akabisha hodi. Aliwaona walivyokaa, akadhani kuna msiba. Kukhu ndiye aliyeinuka kwanza. Akauliza huyo daktari alisema nitembee vipi. Nikamwambia, polepole, mwendo wa kuongea. Akamtazama shosho yako, na shosho yako akainama chini ya kitanda kutafuta viatu vyake.

Tulitoka wanne. Mimi katikati, mama zangu huku na huku, baba yako nyuma kama askari. Yule mama wa bombani alitupisha bila neno. Tulienda hadi mahali kahawa inapoanzia. Njiani Kukhu alisimulia jinsi wanavyotibu mgongo kwao, shosho akasimulia kwao, wakabishana, nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu nijue wewe uko. Kutoka siku ile hadi Kukhu aliporudi kwao, tulitembea hivyo kila jioni isipokuwa ya mvua. Siku ya kuondoka, alinishika mkono getini akaniambia, "Nilimwambia Wekesa jambo baya juu yako." Nikamwambia nalijua. Akatikisa kichwa, akaenda kupanda gari. Hatujawahi kulirudia.

Miguu yangu ilipungua uvimbe. Sukari ilishuka, ikakaa mahali daktari alipoitaka. Woga haukuisha, lakini ulikuwa unatembea nami, haukunikalia kifuani tena.

Sitakudanganya kuhusu kuzaliwa kwako. Kwa sababu nilikuwa nimetembea vile, nilidhani nitazaa kwa urahisi, nikaingia hospitalini hapa Thika kwa majigambo. Uchungu ulikuwa mrefu. Nilizunguka ukumbini nikishika ukuta, nikainama, nikazunguka tena, na mwishowe wewe ulikuwa umekaa vibaya na ikabidi wanipasue. Nililia, nikifikiri nimeshindwa mtihani. Nesi aliyenifunga kidonda akaniambia kwamba mtu mwenye pumzi na misuli kama yangu atainuka mapema, na kweli, nilikuwa wa kwanza kusimama katika wodi ile. Mazoezi hayakuniepusha na kisu. Yalinisaidia kuamka baada yake.

Na jambo jingine. Baadaye tulitaka kukupatia ndugu. Tulitembea, tulikula vizuri, dawa tulimeza. Tulikuwa tumehamia Thika, na tulizunguka hizi barabara jioni nyingi, wewe ukiwa mabegani mwa baba yako, baadaye ukikimbia mbele yetu. Hakuja. Mwaka mmoja nilikasirika nikaacha kutembea kabisa, nikijiuliza faida yake iko wapi. Baba yako akaendelea kwenda peke yake. Akirudi ananiambia alichokiona. Nyumba fulani imepakwa rangi. Mbwa wa kwa pasta amezaa. Jioni moja nikavaa raba nikamfuata, si kwa sababu ya mtoto. Nilitaka kumwona huyo mbwa.

Hapo ndipo nilipojifunza kile ambacho ningetaka ukibebe, kama masanduku yako yana nafasi. Nilikuwa nimeugeuza mwili wangu kuwa punda wa kubeba mtoto. Akileta, nampenda. Asipoleta, namnyima nyasi. Niliuketisha, nikaulaza, nikauhangaisha, na haukuwahi kunikosea kitu. Siku niliyotoka kwa ajili ya mbwa wa kwa pasta, nilitembea tu kwa kuwa nina miguu.

Sasa wewe, Nekesa. Wewe ulikosea upande wa pili, au tuseme ulijua jambo jema ukalivuta hadi likakatika. Nimekuona alfajiri ukirudi kutoka barabara ya Garissa umelowa mvua, midomo haina damu, unatazama saa mkononi na kusikitika. Nimeona sahani yako. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa ukishinda, watu wananipongeza kanisani, na mimi napenda kupongezwa. Ulinisimulia mwenyewe kwamba daktari wako alikuambia mwili wako umefunga mlango wa mimba kwa sababu haujui kama kesho utalishwa. Hakusema umeharibika. Uliyashika maneno ya kwanza, yale mengine ukayaacha kwenye kiti cha kliniki. Alisema ule, upunguze mbio, upumzike, urudi akupime, na kwamba mara nyingi siku hurudi zenyewe mwili ukishiba na kutulia. Alikuambia pia kuhusu mifupa yako. Rudi kwake, au tafuta mwingine huko Nakuru mapema, usingoje.

Najua kukuambia utembee ni kama kumwambia dereva asukume gari kwa mkono. Utaona aibu. Miguu yako itataka kukimbia, na utajiona unazeeka. Jaribu. Tembea na Mutua jioni. Ogelea kama kuna mahali pa kuogelea, jinyooshe asubuhi, lima kabustani. Mbio zako hazijafa, utazirudia kwa kipimo daktari akikuruhusu. Na siku ukishika mimba, mtu asikulaze bila sababu na mtu asikukimbize bila sababu. Muulize anayekupima, umsikilize hadi mwisho wa sentensi.

Kuhusu Mutua, ulinieleza Jumapili kwamba umemwambia yote, mkiwa mmeketi pale uwanjani, na kwamba aliuliza swali moja tu, kama yeye pia apimwe. Sikukuonyesha, lakini niliingia chumbani nikafunga mlango nikashukuru. Huyo ana masikio. Mpe nafasi ya kuyatumia.

Watakuuliza. Hata huko Nakuru kutakuwa na mtu bombani. Hulazimiki kumjibu. Hapa kwetu hakuna atakayeuliza, nimeshaongea na wote wanaopenda kuuliza, na wachache niliwatisha.

Na mimi usinitazame ukifikiri nangoja. Nilitaka mtoto, Nekesa, nikakupata wewe. Yangu yalitimia pale. Ukizaa nitakuja na njahi na makelele yangu yote, na nisipoitwa kwa sababu hiyo nitakuja vilevile, kukuona wewe.

Nasikia sauti zenu getini. Nywele zimekaa vizuri, naona kutoka hapa dirishani.

Mama yako,
Wangari